Chenga au unga? Kuchagua mashine ya kunyonya vumbi kwa karakana ya plastiki ya nyumbani

Kila wiki napata swali lile lile, limebadilishwa nguo tu. "Fundi, vakyumu ya kusafishia gari inatosha kwenye akriliki?" "Nikifunga feni dirishani je?" "Si nifanyie kazi uani tu, upepo utabeba?" Hilo la mwisho naulizwa zaidi na watu wa hapa hapa Dodoma, maana upepo wa Agosti tunao wa kutosha kugawia mikoa jirani. Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja.

Mimi nakata vibao vya milango, herufi za mabango na vipuri vidogo vya nailoni, kwenye stoo ya mita tatu kwa nne nyuma ya nyumba, Nkuhungu. Tangu serikali ihamie huku, kazi ya vibao vya ofisi haijakauka. Nimekosea karibu kila kitu kinachokosewa kwenye suala hili la vumbi, na makosa mengi yalikuwa ya kununua kabla ya kujua.

Feni na uani tuvimalize hapa hapa. Feni ya dirishani inahamisha hewa ya chumba kizima polepole. Wakati inaivuta hiyo hewa, unga umeshapita puani kwako. Inasaidia harufu, haikamati vumbi. Uani nako, upepo unaobeba chenga zako ndio huo huo unaoleta mchanga juu ya shiti la akriliki (ile plastiki ngumu inayofanana na kioo), na ukiifuta umeikwaruza. Chenga zenyewe zitaishia kwenye banda la kuku la jirani. Kuku hachagui.

Andaa hivi kabla hujaenda dukani

- Orodha ya plastiki unazokata kweli (siyo unazotamani kukata) na chombo unachotumia kwa kila moja.
- Karatasi nyeusi na tochi. Utaona kazi yake.
- Futi ya kupimia kipenyo cha ndani cha midomo na mipira. Mipira ya vakyumu haina saizi moja. 32, 35 na 38 mm zote zipo, na zinafanana kwa macho.
- Miwani ya kazi, na barakoa ya FFP2 au N95. Kitambaa hakizuii unga. Ndevu nyingi nazo zinaachia nafasi pembeni ya barakoa, samahani wenye ndevu.
- Ndoo mbili za rangi za lita 20 zinazoingiana, mfuniko unaobana, viwiko vya bomba la PVC, silikoni, na kipande cha plaiwudi.
- Mita kadhaa za waya wa shaba uliovuliwa ganda.
- Soketi yenye ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) inayofanya kazi. Mwite fundi umeme aipime. Tundu la tatu kuwepo ukutani si ushahidi kwamba kuna waya nyuma yake.

Hatua ya 1: Jua unachotoa ni chenga au ni unga

Tandika karatasi nyeusi chini ya kazi, ukate sentimita kumi hivi bila kunyonya chochote. Okota kilichoanguka ukisugue kati ya vidole. Chenga utazihisi kama punje za sukari au vipande vya kucha. Unga hutauhisi kabisa, utauona tu umejaa kwenye mistari ya vidole. Sasa zima taa, washa tochi, uangalie mwanga kwa ubavu. Kinachoelea kwenye mwanga ndicho unachovuta kila siku.

Ruta (mashine ya mkono ya kuchonga kwa biti, yaani kisu kinachozunguka) au CNC (ruta inayoongozwa na kompyuta) yenye biti kali ya jino moja hutoa chenga. Msumeno wa duara na jigso hutoa mchanganyiko. Msasa na grenda hutoa unga mtupu. Mashine ya kukereza ikikata nailoni au HDPE (plastiki ya madumu) hutoa nyuzi ndefu kama tambi, na hizo ni habari nyingine, nitazirudia.

Ugawaji huu ndio unaoamua ununue nini. Chenga zinahitaji hewa nyingi na njia pana. Unga unahitaji kichujio kizuri na mdomo ulio karibu sana. Mtu anayekata kwa CNC tu na mtu anayepiga msasa siku nzima hawanunui kitu kimoja, hata kama wote wanasema wanafanya akriliki.

Hatua ya 2: Punguza unga kwenye biti kabla ya kuutafutia mashine

Hapa ndipo watu hawataki kusikia, kwa sababu hakuna cha kununua. Biti butu inasugua badala ya kukata. Inatoa unga, inapasha plastiki moto, na plastiki inayeyuka ikarudi kujibandika kwenye biti. Akriliki inalainika kwenye nyuzi joto 105 hivi, PVC mapema zaidi, karibu 80. Siyo moto wa kutisha. Biti butu inaufikia kabla hujamaliza herufi moja.

Tumia biti ya jino moja ya plastiki, siyo ile ya mbao yenye meno manne, kisha sogeza kwa kasi. Mfano: ruta inazunguka mara 18,000 kwa dakika, unataka kila mzunguko ung'oe chenga ya unene wa mm 0.1. Zidisha: mm 1,800 kwa dakika. Ukiogopa ukasogeza mm 400, umejitengenezea kiwanda cha unga. Nilifanya hivyo miezi mitatu nikidhani naitunza mashine.

Kwa kingo za akriliki, tumia msasa wa maji. Kwa kazi hii moja unapiku vakyumu yoyote: unga unabaki kwenye tope, tope unalifuta kwa kitambaa. Siku za mgao wa maji mimi natumia bakuli moja asubuhi mpaka jioni na linatosha. Ila uloweshe msasa na usugue kwa mkono; usipeleke maji kwenye mashine ya umeme ya msasa.

*Angalizo la plastiki zenyewe.* PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo inawasha koo na kutia kutu. Kwangu ilianza na biti moja butu kwenye ubao wa PVC. Wiki iliyofuata rula yangu ya chuma iliyokuwa mezani ilikuwa na madoa ya kahawia. Usiikate kwa leza hata siku moja. Teflon ikipata moto mkali inatoa moshi unaoleta homa, na unga wake ukiwa kwenye vidole vya mvuta sigara unaungua pamoja na sigara, kwa hiyo nawa kwanza. Vibao vya faibaglasi vinatoa unga wa kioo; hivyo vikate kwa maji au ukiwa na kichujio cha HEPA (kile cha kushika unga laini kabisa) na barakoa pamoja, kimoja hakitoshi.

Hatua ya 3: Chagua aina ya mashine

Zipo familia mbili, na wauzaji wanazichanganya.

Ya kwanza ni vakyumu yenye tangi, ile ya kunyonya maji na vumbi. Ina mvuto mkali lakini hewa kidogo, kwa mpira mwembamba. Inafaa pale mdomo unapoweza kukaa karibu kabisa na biti: ruta, CNC ndogo, drili, mashine ya msasa ya mkononi.

Ya pili ni mashine ya mfuko, yenye feni kubwa na bomba la mm 100, ambayo utaikuta kwenye karakana za maseremala. Hewa nyingi, mvuto dhaifu. Inafaa msumeno wa meza, randa, mahali chenga zinaporuka ovyo. Ukiichomeka mpira wa mm 38, feni inazunguka tu, hakuna hewa inayopita.

Hesabu iko hivi. Ili chenga zisafiri bila kulala njiani, hewa iende karibu mita 20 kwa sekunde ndani ya bomba. Kwa mpira wa mm 38 hiyo ni kama mita za ujazo 82 kwa saa. Kwa mm 63, kama 224. Kwa mm 100, kama 565. Sasa soma kibandiko cha mashine unayoitaka. Kama hewa inayotoa ni chini ya hapo kwa bomba ulilonalo, iache. Na ujue namba ya kwenye boksi hupimwa bila mpira wala kichujio kichafu, kwa hiyo nunua inayoizidi kwa mbali.

Wati zisikudanganye. "2000W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni umeme inaokula, siyo kazi inayofanya. Uliza hewa kwa saa, uliza mvuto kwa kilopaskali. Muuzaji asiyejua yote mawili akuruhusu angalau uiwashe uweke kiganja.

Kwa stoo kama yangu, yenye CNC ndogo na ruta ya mkono, jibu langu ni vakyumu ya tangi ya wati 1,200 hivi, na ndoo ya kimbunga mbele yake (tutaitengeneza hatua ya 5). Ile ndogo ya kuchomeka kwenye gari, hapana. Haina hewa, haina kichujio cha maana, na mfuko wake unajaa kabla hujamaliza jina la mkurugenzi.

Hatua ya 4: Kichujio kwanza, mengine baadaye

Vakyumu nyingi za tangi huja na vitu viwili: sponji na kichujio cha karatasi au kitambaa. Sponji ni ya kunyonya maji. Watu wanaiacha ndani, wanakata plastiki, halafu wanashangaa ukuta wa nyuma ya vakyumu umekuwa mweupe. Unga unapita kwenye sponji na kutoka upande wa pili ukiwa umepulizwa vizuri, tayari kwa mapafu.

Kwa chenga, kichujio cha karatasi chenye mikunjo kinatosha. Kwa unga, tafuta HEPA inayoingia kwenye mashine yako; HEPA ya kweli inakamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Muulize muuzaji kabla ya kununua mashine kama kichujio cha akiba kinapatikana peke yake. Mimi cha kwangu huwa nakiagiza Kariakoo kinakuja na basi, na nikikikosa, mashine inakaa kama pambo. Mashine ya mfuko nayo iangalie mfuko wake: kitambaa cha mikroni 30 kinashika maranda na kuachia unga wote.

Hatua ya 5: Tengeneza ndoo ya kimbunga

Ndoo hii inakaa kati ya kazi na vakyumu. Hewa inaingia kwa ubavu, inazunguka, chenga zinaanguka chini, na kinachofika kwenye kichujio ni unga kidogo tu. Bila ndoo utakuwa unasafisha kichujio kila nusu saa.

1. Ingiza ndoo moja ndani ya nyingine. Moja peke yake haina nguvu, nitakuambia kwa nini.
2. Kata plaiwudi ya duara, uibane juu ya mfuniko kwa skrubu.
3. Toboa tundu katikati, upitishe bomba lishuke sentimita 3 hadi 5 tu. Hili linaenda kwenye vakyumu.
4. Toboa tundu la pili karibu na ukingo. Chini yake weka kiwiko kilicholala, mdomo ukielekea kufuata ukuta wa ndoo. Hili linatoka kwenye kazi.
5. Ziba kila upenyo kwa silikoni, uache ikauke usiku mzima. Hewa ikiingia mahali popote kwenye ndoo, itazipeperusha chenga zilizokwishatulia.

Kuhusu ndoo mbili. Shiti la akriliki huja na karatasi ya plastiki ya kulinda uso. Siku moja nilisahau kuibana vizuri, kipande cha upana wa kiganja kikang'oka, kikavutwa, kikaziba mpira. Vakyumu ikabadilisha sauti, ikawa nyembamba kama ya mbu. Nilipogeuka, ndoo ilikuwa inajikunja ubavu, polepole, halafu paa! Mfuniko ukaruka na lita kumi za chenga nyeupe zikarudi hewani. Mke wangu alifungua mlango, akanitazama, akaniuliza kama siku hizi nimehamia mashine ya kusaga.

Ukipata ndoo ya bati ya duara, ni bora zaidi. Haijikunji kirahisi, na inaunganishika na ethi.

Hatua ya 6: Sogeza mdomo karibu

Mvuto unakufa haraka mno ukitoka kwenye mdomo. Washa vakyumu, sogeza kiganja taratibu kuelekea mpira: upana wa mpira mmoja tu ukiwa mbali, unahisi kidogo sana. Kwa hiyo mdomo uliofungwa kwa tepu sentimita 15 kutoka kwenye biti ni mapambo.

Kwenye CNC tengeneza sketi ya brashi kuzunguka biti, nywele ziguse shiti au zibaki juu yake mm 2 au 3. Brashi ya ufagio wa nailoni iliyokatwa inafanya kazi vizuri. Kwenye msumeno wa meza nyonya chini ya meza. Ukiweza, na juu ya msumeno pia. Kwenye drili shika mpira kwa mkono au uufunge kwenye kipande cha mbao pembeni.

Kwenye mashine ya kukereza, usijaribu kunyonya nyuzi za nailoni kwa mpira mwembamba. Zitajifunga fundo kwenye kona ya kwanza. Zima mashine, isimame kabisa, uzitoe kwa ndoano. Usizishike kwa mkono wakati kitu kinazunguka. Uzi wa nailoni haukatiki, unavuta kidole.

Hatua ya 7: Umeme tuli, adui wa kiangazi

Kati ya Mei na Novemba hewa yetu ni kavu kiasi kwamba shati la nailoni linalia ukilivua. Plastiki ikipita kwenye mpira wa plastiki, kila chenga inabeba chaji. Zinaganda kwenye biti, kwenye vinyweleo vya mkono, hata kwenye dari. Ukigusa mpira unapigwa shoti. Shoti yenyewe haiui, ila inakushtua, na ukishtuka ukiwa umeshika ruta inayozunguka, hapo ndipo hatari ilipo.

Chukua waya wa shaba usio na ganda, uuzungushe kwenye mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiweza uupitishe kwa ndani, bora zaidi, ila uuvute ukae kwenye ukuta usije ukanasa chenga. Ncha moja ifunge kwenye mwili wa chuma wa mashine yenye plagi ya pini tatu na ethi iliyopimwa. Vakyumu nyingi hazina ethi ndani, kwa hiyo usitegemee huko. Na usije ukachomeka waya huo kwenye tundu la soketi. Naandika hivi kwa sababu kuna mtu aliniuliza.

Waya hauondoi chaji yote, kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Unaondoa ile iliyo karibu nao. Nyingine ipunguze kwa kupiga deki kabla ya kazi, na kufuta meza kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Akriliki usiifute kwa petroli wala spiriti, itapasuka nyufa ndogo ndogo ukingoni.

*Angalizo la moto.* Usikate chuma kwa grenda karibu na ndoo hii, wala usinyonye cheche kwa vakyumu ile ile ya plastiki. Cheche moja inatulia ndani ya chenga ikivutiwa hewa safi. Hilo ni jiko.

Hatua ya 8: Umeme wa ukutani

Plagi ya ampea 13 inabeba kama wati 2,990 kwa volti 230. Vakyumu ya 1,200 na ruta ya 1,500 kwenye ekstensheni moja zinakaa, lakini kwa shida. Ongeza pasi ya mtu wa ndani na mambo yanaisha. Tumia soketi mbili tofauti, na ekstensheni ya kukunja uifungue yote, maana ikiwa imeviringishwa inachemka. Washa vakyumu kwanza, ruta baadaye. Ukimaliza iache vakyumu sekunde kumi zaidi isafishe mpira. Kwenye Luku, saa tatu za wati 1,200 ni yuniti 3.6, iweke kwenye bei ya kibao.

Hatua ya 9: Jaribu kwa tochi

Rudia jaribio la hatua ya 1, safari hii mfumo ukiwa umewashwa. Taa zima, tochi ubavuni. Ukiona wingu juu ya biti, tatizo ni mdomo. Ukiona wingu nyuma ya vakyumu, tatizo ni kichujio. Huhitaji kipimo kingine kwa mwezi wa kwanza.

Ikigoma

*Mvuto umeshuka ghafla.* Vua mpira kwenye ndoo. Mvuto ukirudi, umeziba huko mbele, mara nyingi kwa karatasi ya kulinda akriliki. Usiporudi, ni kichujio.

*Mvuto unashuka polepole kila siku.* Kichujio kimejaa unga. Kitoe nje, vaa barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni, ukigonge taratibu. Ukitumia kompresa, puliza kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje. Ndani ya karakana usipulize chochote kwa kompresa, hata meza.

*Ndoo iko tupu, tangi la vakyumu limejaa.* Kuna hewa inaingia kwenye mfuniko, au umebadilisha mabomba: la katikati ndilo liende kwenye vakyumu. Au ndoo ilijaa kupita theluthi mbili.

*Chenga zinaganda kwenye biti na kuyeyuka.* Usilaumu vakyumu. Rudi hatua ya 2, badili biti au ongeza kasi ya kusogeza.

*CNC inasimama yenyewe katikati ya kazi.* Hii ilinipotezea shiti mbili kabla sijaelewa. Umeme tuli kutoka kwenye mpira unaruka kwenye nyaya za swichi za mwisho au za kompyuta, mashine inadhani imegonga ukingo. Tenganisha mpira na nyaya hizo, usizifunge pamoja kwa tepu, na uhakikishe waya wa shaba haujakatika.

*Vakyumu inanuka moto.* Zima. Mota ya vakyumu hizi inapozwa na hewa, na mpira ukiziba haipati. Iache ipoe, zibua, kisha ijaribu bila mpira.

Kilichobaki ni taka. Usizichome uani pamoja na majani. PVC ikichomwa inatoa gesi ile ile niliyokwambia, na watoto wako hapo. Mimi nina viroba vitatu vyenye alama: akriliki, HDPE, mchanganyiko. Chenga za aina moja unaweza kumpata mtu wa plastiki chakavu akazitaka. Za mchanganyiko hakuna anayezitaka, kwa hiyo nakifunga mdomo kiroba, nakipeleka kwenye gari la taka asubuhi, kabla upepo haujaamka.